Tuziandike Lugha za Nyanda za Juu Zikiwa Bado Sokoni

Anayetaka kujua ni lugha ngapi zinazozungumzwa katika mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, asihangaike na vitabu vya sensa. Tangu sensa ya 1967 Serikali haijachapisha hesabu ya Watanzania kwa makabila yao, na kwa taifa lililokuwa likijijenga sababu zake zilikuwa nzito. Lakini matokeo ni kwamba kila takwimu tunayosoma kuhusu wazungumzaji wa Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kinyiha, Kisangu au Kivwanji ni makadirio, na mara nyingi ni makadirio yaliyonukuliwa kutoka makadirio mengine. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulijitahidi kuziba pengo hilo, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mazoea ya kuhesabu watu yametufanya tuamini kwamba swali la kwanza kuhusu lugha ndogo ni “wamebaki wangapi?”, na kwamba zamu ya lugha kuandikwa na kurekodiwa hufika pale jibu linapokuwa dogo la kutisha. Nadhani utaratibu huo unakwenda kinyume. Sehemu ya lugha yenye thamani kubwa kwa sayansi ndiyo hutangulia kutoweka, tena hutoweka wakati wazungumzaji bado ni wengi. Kwa hiyo lugha za Nyanda za Juu Kusini zinapaswa kurekodiwa sasa, zikiwa bado zinatumika kupatana bei, kugombana na kuchumbiana.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka mbali, kisiwa cha New Guinea. Nchi ya Papua New Guinea pekee ina lugha zaidi ya 800, na nyingi zake huitwa za Kipapua, jina ambalo halina maana ya ukoo mmoja; linakusanya tu lugha za eneo hilo zisizo za ukoo wa Kiaustronesia. Mojawapo ni Tayap, lugha ya kijiji kimoja kiitwacho Gapun, karibu na sehemu za chini za mto Sepik. Hakuna lugha nyingine inayojulikana kuwa ndugu yake. Mwanaanthropolojia Don Kulick alifika Gapun katikati ya miaka ya 1980, wakati karibu kila mtu mzima alikuwa akiizungumza, na akarudi mara kadhaa kwa zaidi ya miaka 30. Alichokikuta mwanzoni ndicho kinachotuhusu sisi. Wazazi hawakuwa wameamua kuiacha Tayap. Waliipenda, wakaisifu, wakaamini mtoto ataiokota mwenyewe akikua. Ila kila walipomwita mtoto, walipomkanya au kumtuma, walijikuta wakitumia Tok Pisin, lugha ya kuunganisha watu wa nchi nzima. Kisha wakawalaumu watoto kwa kuwa na kichwa kigumu. Mwaka 2019, Kulick na mwanaisimu Angela Terrill walipochapisha sarufi na kamusi ya Tayap, wazungumzaji walikuwa takriban 45.

Kitabu hicho kina jambo adimu: kinaeleza Tayap ya wazee na pia Tayap ya vijana, ambao wengi waliweza kuizungumza kuliko walivyokubali hadharani. Tofauti kubwa iko kwenye vitenzi. Majina ya wanyama, miti na viungo vya mwili vijana wanayo. Sentensi fupi wanazo. Kinachowaponyoka ni miundo mirefu ya vitenzi, ile inayofunga ndani ya neno moja nani amemtendea nani, akiwa anaelekea wapi, na kwa namna gani. Yaani mtu akifika na orodha yake ya maneno 200 ya kuuliza (“jicho”, “maji”, “mbwa”), atapata majibu yote kwa kijana na kuondoka akidhani lugha ni nzima. Mtambo wa ndani umeshaanza kung’olewa wakati maneno ya kawaida bado yako midomoni. Idadi ya wazungumzaji haionyeshi hilo, na orodha ya maneno hailionyeshi pia.

Nchini kwetu tunao mfano uliokwisha kabisa. Kiaasax kilizungumzwa na wawindaji wa nyika ya Umasai, kaskazini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng’ombe wa Wamasai, na baadhi ya wafugaji waliofilisika wakakimbilia kwa wawindaji ili waishi. Mifugo ilipoongezeka tena, mkondo uligeuka: wawindaji wakaingia katika ufugaji, na pamoja na ng’ombe wakachukua lugha ya wenye ng’ombe. Mtafiti J. C. Winter, aliyechapisha habari hizi mwaka 1979, alieleza kwamba mtu wa mwisho aliyeijua lugha hiyo sawasawa alifariki mwaka 1976. Tunachobaki nacho ni maneno na vipande. Vinatosha kuonyesha kwamba Kiaasax kilikuwa cha ukoo wa Kikushi. Havitoshi kumwonyesha mtu jinsi Waaasax wawili walivyokuwa wakizungumza wao kwa wao, kwa sababu kwa muda mrefu hapakuwa na wawili.

Sasa tuje Nyanda za Juu, na tuanze na lugha ambayo hata wasomaji wengi wa Mbeya hawajawahi kuisikia redioni wala kuiona kitabuni: Kikisi. Wakisi wanaishi ukanda mwembamba wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, katika wilaya za Kyela na Ludewa. Ni wavuvi, na wanawake wao ni wafinyanzi mashuhuri. Vyungu vya Ikombe huvushwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema na kutoka hapo husambaa mbali. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu wa Malcolm Guthrie, Kikisi kimepewa namba G67, mwisho kabisa wa kundi linaloanza na Kisangu (G61) na Kihehe (G62), likapitia Kibena, Kipangwa, Kikinga na Kivwanji. Makadirio ya wazungumzaji wake hayafiki hata 30,000. Na hapa kuna jambo la kusikitisha: wanaakiolojia wameuandikia ufinyanzi wa Ikombe tangu miaka ya 1970, wakaeleza udongo, uchomaji na maumbo ya vyungu, lakini maneno ambayo mfinyanzi humwelekeza binti yake akiwa kazini, kwa lugha yao na kwa mpangilio wao, hayajapata uangalizi wa namna hiyo. Chungu kiliingia katika sayansi, aliyekifinyanga akaachwa nje na usemi wake.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Uandishi wa lugha za huku ulifuata njia za misheni na za utawala. Wamoravian na misheni ya Berlin walifika mwaka 1891 upande wa Rungwe, na baada ya miaka michache vitabu vikaanza kutoka: sarufi ya Schumann ya lugha ya Wanyakyusa mwaka 1899, na mwaka huohuo maelezo ya Velten kuhusu Kihehe, lugha ya watu waliokuwa wametoka kupigana na Wajerumani chini ya mtemi wao Mkwawa, kisha sarufi ya Kikinga ya Wolff mwaka 1905. Palipokuwa na kituo cha misheni, mtemi mwenye nguvu au vita, palikuwa na sarufi. Pwani ya Wakisi, ambayo kwa muda mrefu ilifikika kwa chombo cha majini kuliko kwa barabara, haikuwa na mvuto huo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hali imeanza kubadilika, kwani shirika la SIL lenye ofisi Mbeya limefanya kazi na lugha zaidi ya kumi za mikoa hii, likitafuta tahajia na kuandaa vitabu vya kusomea na tafsiri za Maandiko. Deni letu kwa kazi hiyo ni kubwa, na nitarudi kwenye mipaka yake.

Msomaji anaweza kuuliza: lugha hizi zote si Kibantu? Ukiijua moja, si umezijua zote? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloifanya Mbeya kuwa mahali pa pekee kwa mwanaisimu. Kibantu cha kale, kama wataalamu wanavyokijenga upya kwa kulinganisha lugha za leo, kilikuwa na irabu saba. Kiswahili kimebaki na tano. Kinyakyusa, Kimalila na Kivwanji bado vina saba, huku Kindali, jirani wa karibu kabisa wa Kinyakyusa, kina tano. Upande wa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobeba maana, mambo yanapinduka: Kindali kina toni, na Kinyakyusa hakina, kama Kiswahili kisivyo nayo. Majirani wanaooana na kuuziana ndizi wameshika njia tofauti katika mambo mawili ya msingi, kila mmoja akihifadhi kile ambacho mwenzake amepoteza. Anayetaka kuelewa jinsi irabu saba zinavyogeuka tano, au jinsi toni inavyokufa, hana haja ya kukisia mambo ya miaka 2,000 iliyopita. Anaweza kusikiliza hatua zake katika safari ya siku moja kwa daladala na bodaboda.

Lakini tazama jinsi ujuzi huo unavyopatikana. Mwaka 1996 mwanaisimu Constance Kutsch Lojenga alieleza mbinu ambayo imetumika sana katika warsha za Afrika. Wazungumzaji wenyewe hukusanya mamia ya maneno ya lugha yao, wakaandika kila neno kwenye kadi. Kisha hukaa kuzunguka meza na kuzipanga kadi kwa sikio: neno hili na lile yana irabu moja? Kama ndiyo, rundo moja. Kama kuna anayesita, neno hutamkwa tena, linalinganishwa na mengine, wanabishana. Polepole rundo moja la maneno yaliyoandikwa kwa “i” hugawanyika kuwa mawili, na watu ambao shule iliwafundisha kwamba irabu ni a, e, i, o, u hugundua wenyewe kwamba lugha yao ina mbili zaidi. Ndiyo maana tahajia kadhaa za huku sasa zina “i” na “u” zilizokatwa kwa mstari. Mwanaisimu huyohuyo aliandika mwaka 2009 kwamba Kimalila kina aina mbili za ulinganifu wa irabu, yaani kanuni za irabu moja kuifuata nyingine ndani ya neno. Mbinu ya kadi inahitaji watu kadhaa wenye masikio makali, wanaoijua lugha bila kujiuliza, na wenye ujasiri wa kupingana. Mzee mmoja wa mwisho hana wa kubishana naye.

Mfano wa Iringa unaonyesha jinsi jambo dogo la lugha hai linavyoweza kufika mbali. Mwaka 1985 David na Mary Odden walichapisha katika jarida la Linguistic Inquiry makala fupi kuhusu uradidi wa Kihehe. Kama Kiswahili, Kihehe hurudia kitenzi kuonyesha tendo la kidogokidogo: “kuhaata”, kuchacha (jambo lisilo geni kwa nchi ya ulanzi, pombe ya mianzi), huwa “kuhaatahaata”, kuanza kuchacha. Kiambishi “ku-” kimebaki mwanzoni, umerudiwa mzizi tu. Lakini “kwiita”, kumimina, huwa “kwiitakwiita”, na hapo kiambishi nacho kimerudiwa! Kwa nini? Kwa sababu “ku-” ilipokutana na mzizi unaoanza na irabu ilishikamana nao ikawa silabi moja, na uradidi ukaichukua silabi nzima. Maana yake ni kwamba kanuni ya kuunda neno inaonekana kuwa imesubiri kanuni ya sauti imalize kazi kwanza. Wanadharia waliokuwa wakibishana kama akili ya binadamu hukamilisha umbo la neno kabla ya kushughulikia sauti zake walilazimika kuukabili mfano huo wa Wahehe. Katika orodha ya maneno usingeonekana kamwe, kwa kuwa hakuna orodha inayouliza “kumimina kidogokidogo”. Mambo ya namna hii huchomoza mtu anapozungumza kwa raha.

Njeo, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati, ndizo zinazonishughulisha zaidi, kwa sababu ndizo zinazofanana na vitenzi vya Tayap. Kwa Kiswahili, “nilipanda viazi” inaweza kuwa asubuhi hii au mwaka wa njaa ya babu, “-li-” haibagui. Lugha nyingi za Nyanda za Juu hubagua. Imani Swilla, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha mwaka 1998 jinsi Kindali kinavyozipanga njeo zake, na Michelle Morrison aliandika sarufi nzima ya Kibena kwa shahada ya uzamivu mwaka 2011. Katika lugha hizo mzungumzaji hawezi kufungua mdomo kuhusu jana bila kitenzi chake kuonyesha umbali wa tukio. Bastian Persohn alihitaji kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2017 na kinachopatikana bure mtandaoni, kuelezea kitenzi cha Kinyakyusa peke yake. Sehemu ya kitabu hicho inahusu maumbo ya kusimulia, yanayosukuma hadithi kutoka tukio hadi tukio. Maumbo hayo hayajitokezi mtu akiombwa kutafsiri sentensi moja moja. Yanahitaji msimuliaji, msikilizaji anayeitikia, na hadithi inayostahili kusimuliwa. Kijana aliyekulia mjini anaweza kujua majina yote ya mboga kwa lugha ya bibi yake na bado akasimulia kisa kwa njeo mbili, zile zinazolingana na za Kiswahili. Hapo ndipo mtambo unapopungua, na hakuna sensa itakayoliona hilo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanaisimu wenyewe. Mwaka 1992 Michael Krauss alitahadharisha kwamba karne hii ingeweza kushuhudia asilimia 90 ya lugha za dunia zikifa au zikiwa mahututi, na mifuko ya fedha iliyoanzishwa baadaye, kama DoBeS ya Ujerumani, ikaelekeza nguvu kwa zilizo hatarini zaidi. Kwa njia hiyo Kiakie, lugha ya wawindaji wachache wa Kilindi na Simanjiro, kilipata timu ya watafiti, na mwaka 2015 Christa König, Bernd Heine na wenzao wakachapisha maelezo ya sarufi yake. Je, ningependa Kiakie kingesubiri ili Kihehe chenye mamia ya maelfu ya watu kihudumiwe? La. Aliye mahututi atangulie. Ninachopinga ni kuwa na foleni moja tu. Lugha kama Kikisi haina umahututi wa kuvuta wafadhili wala ukubwa wa kuvuta wachapishaji; itasogea taratibu hadi ifikie kigezo cha huruma, na kufikia hapo vitenzi vyake vitakuwa vimeshapukutika. Foleni ya pili ni rahisi. Lugha yenye watoto na vijana haihitaji mtafiti wa kukaa kijijini mwaka mzima akijifunza kuuliza maji. Ina wasemaji waliosoma, wenye simu zinazorekodi sauti safi, na wanaoelewa kinachosemwa papo hapo.

Pingamizi la pili ni la kitaifa. Kiswahili kimetupa umoja ambao majirani zetu wanautamani, na ni kweli, kama alivyoonyesha mwanaisimu Herman Batibo katika kitabu chake cha mwaka 2005, kwamba lugha ndogo za Afrika hutishiwa na lugha kubwa za Kiafrika kuliko zile za wakoloni. Katika mitaa ya Mbeya hakuna anayemlazimisha Mkinga na Mndali waliooana kuwalea watoto wao kwa Kiswahili; wanafanya hivyo kwa sababu ndiyo lugha yao ya pamoja, na wana haki. Lakini kurekodi si kushindana. Sera ya Utamaduni ya 1997 yenyewe inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya Kiswahili, na inahimiza ziandikwe na kufanyiwa utafiti. Kiswahili kimekwisha kukopa “bunge” kutoka Kiha na “ngeli” kutoka Kihaya. Kama redio haziwezi kurusha matangazo kwa vilugha, hakuna sheria inayokataza mwanafunzi kumrekodi shangazi yake aliyeridhia.

Na wapo watakaosema kazi imekwisha, kwa kuwa Injili zimetafsiriwa. Nilisema deni ni kubwa, na tahajia zilizopatikana kwa jasho hilo ndizo zitakazotumika katika kila kazi ijayo. Lakini tafsiri inatuonyesha lugha ikibeba maneno yaliyozaliwa kwingine. Haina kukatizana, haina utani wa mabinamu, haina matusi, haina mtu anayeanza sentensi na kuiacha. Hata tasnifu zetu za uzamili zina upungufu unaofanana na huo: nyingi hutegemea hojaji ya Kiswahili ambayo mhojiwa huombwa kuigeuza kwa lugha yake, na hivyo Kiswahili huchungulia chini ya kila jibu.

Vyuo vilivyopo vinaweza kulibadilisha hilo bila kungoja mfadhili. Mbeya kuna Teofilo Kisanji na Chuo Kikuu Katoliki. Iringa kuna chuo kishiriki cha Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa. Vyote vina vijana waliotoka katika vijiji vya lugha hizi. Badala ya hojaji, mwanafunzi wa isimu angedaiwa saa tano za mazungumzo halisi yaliyorekodiwa kwa ridhaa, saa moja kati ya hizo ikiwa imenukuliwa neno kwa neno na kutafsiriwa, na rekodi yenyewe ikabidhiwe maktaba ya chuo pamoja na nakala kwa kijiji, isipotelee kwenye kompyuta ya mtu. Kwa Kikisi kazi ingeanzia Ikombe na vijiji vya pwani ya Ludewa, siku ya kufinyanga: mama akimwelekeza binti jinsi ya kuponda udongo, kusimamisha ukuta wa chungu, kulainisha na kupanga kuni za kuchomea. Mafundisho ya kazi yanalazimisha vitenzi vyote vijitokeze, amri, masharti, onyo, kilichokwisha kufanyika na kisichopaswa kufanyika bado. Baada ya hapo mtumbwi ufuatwe hadi Matema siku ya soko, Kikisi kinapokutana na Kinyakyusa chenye irabu saba na kisicho na toni, na irekodiwe pia namna wauzaji wanavyohama kutoka lugha moja kwenda nyingine na saa ambayo wote wawili huangukia Kiswahili.